Nani Atalipa? Mizani ya Wachumi na Sheria za Mazingira



Mwezi Agosti 2018 Serikali ya Burundi ilitoa amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki, ile ambayo sisi huiita masashe. Ilitolewa nafasi ya miezi 18 ili wenye bidhaa wamalize akiba zao, na mwaka 2020 amri ikaanza kutumika. Huku kwetu Bukirasazi, kama katika masoko mengine ya vilima vya Gitega, sashe lilikuwa chombo cha mtu wa kipato kidogo. Ndani yake tulinunua kipimo kimoja cha ndagala, chumvi ya siku mbili, mawese ya kupikia chungu kimoja. Mwenye fedha hununua kidumu kizima cha mawese na gunia la chumvi, naye halihitaji sashe.

Hatuandiki haya ili kuitetea plastiki. Sashe huziba mitaro, hukaa shambani miaka na miaka bila kuoza, na mbuzi au ng'ombe akilimeza huweza kufa. Amri ilikuwa na sababu yake. Tunaandika kwa sababu baada ya amri hii zitakuja nyingine: za maji machafu yanayotoka katika vituo vya kuosha kahawa, za kuni zinazochomwa katika viwanda vya chai, za makaa, za mabonde na za misitu. Kila moja itakuja na ripoti, na ndani ya ripoti wachumi watakuwa wameandika kwamba sera hii ni nzuri au ni mbaya, inafaa au haifai. Mfanyakazi asiyejua jinsi mizani ile inavyopima atatwishwa mzigo bila kujua ni nani aliyeupima, wala kwa jiwe gani.

Msimamo wetu katika ukurasa huu ni huu. Mizani ya wachumi ni chombo chema, na yatupasa tujifunze kuisoma. Lakini ina pengo moja kubwa: huuliza kama faida ya sera inatosha kuwalipa walioumia, kisha haiulizi kama wamelipwa. Kuliziba pengo hilo ni kazi ya chama cha wafanyakazi, maana hakuna mwingine atakayeifanya kwa niaba yetu.

SWALI LA KWANZA: JE, SERA IMEFANYA KAZI?

Swali hili laonekana jepesi, lakini ndipo penye udanganyifu mwingi. Tuchukue upandaji wa miti. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Burundi ilipanda mikaratusi, misonobari na migrevilea kwenye vilima vilivyokuwa vitupu. Kisha vita vilivyoanza mwaka 1993 viliteketeza sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwaka 2018 ikaanzishwa kampeni mpya iliyopewa jina la Kirundi «Ewe Burundi Urambaye», maana yake Burundi ijivike nguo, nayo nguo ni miti.

Katika kazi za namna hii, taarifa inayosomwa mbele ya wananchi huwa ni ya hesabu ya miche: imepandwa miche kadhaa katika mkoa fulani, miche kadhaa katika mkoa mwingine. Mchumi anayeifahamu kazi yake hatosheki na hesabu hiyo. Yeye huuliza: ni miti mingapi iliyosimama leo? Na katika hiyo iliyosimama, ni mingapi ingesimama hata kama sera isingekuwapo? Swali la pili ndilo zito. Mkulima aliyekuwa tayari kupanda mgrevilea kwenye mpaka wa shamba lake kwa faida yake mwenyewe hakupandishwa na sera.

Mfano mzuri wa kupima namna hiyo ulifanyika kwa majirani zetu. Katika wilaya za Hoima na Kibaale, magharibi ya Uganda, lilifanywa jaribio kati ya mwaka 2011 na 2013. Vilichukuliwa vijiji 121. Kwa kura, vijiji 60 vikaingizwa katika mpango: kila mwenye msitu aliyekubali kutokata miti alilipwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta moja kwa mwaka. Vijiji 61 vilivyobaki havikupewa kitu. Baada ya miaka miwili, picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha kwamba eneo lenye miti lilipungua kwa asilimia 9.1 katika vijiji visivyolipwa, na kwa asilimia 4.2 katika vijiji vilivyolipwa. Mchumi Seema Jayachandran na wenzake walitangaza matokeo hayo mwaka 2017 katika jarida la Science.

Tazameni vizuri, ndugu. Mtu ambaye angeangalia vijiji vilivyolipwa peke yake angesema: fedha zimetolewa na bado misitu imepungua, basi sera imeshindwa. Kumbe sera iliokoa zaidi ya nusu ya miti ambayo ingekatwa. Hii ndiyo faida ya kulinganisha, na ni somo linalotufaa hata kiwandani. Mwajiri akisema kwamba kanuni mpya ya usalama haikuleta kitu kwa kuwa ajali bado zipo, mwulizeni: bila kanuni hiyo zingekuwa ngapi?

Lakini hapo hapo na sisi tuulize letu. Shilingi zile zilikwenda kwa nani? Zilikwenda kwa mwenye msitu. Kibarua aliyekuwa akipewa ujira ili akate miti, na mchoma makaa asiye na ardhi, hawakuwa na hekta ya kuandikisha. Msitu ulipona, na hilo ni jema. Ila yule ambaye mkate wake ulikuwa katika shoka hakuwamo katika orodha ya kulipwa.

SWALI LA PILI: JE, KWA GHARAMA GANI?

Sera yaweza kufanya kazi na bado ikawa ya ghali kuliko ilivyopasa. Kwa hiyo wachumi huuliza kama lengo lile lile lingeweza kufikiwa kwa gharama ndogo zaidi.

Tuseme kuna vituo viwili vya kuosha kahawa juu ya kijito kimoja. Maji yaliyooshea kahawa huwa makali, na maganda yakioza ndani ya kijito hula hewa iliyomo katika maji, samaki na wadudu hufa, na wanaochota chini hawawezi kuyanywa. Kituo cha kwanza kina uwanja mpana, hivyo chaweza kuchimba mashimo ya kutuliza maji kwa fedha kidogo. Kituo cha pili kimebanwa na mteremko, na kwake kazi ile ile itagharimu mara tano. Serikali ikiviamuru vyote viwili vipunguze uchafu kwa kiasi sawa, gharama ya jumla itakuwa kubwa. Lakini ikivitoza kodi kwa kila kiasi cha uchafu kinachoingia kijitoni, kituo cha kwanza kitapunguza sana kwa kuwa kwake ni rahisi, na cha pili kitapunguza kidogo na kulipa kodi. Jumla ya uchafu itapungua vile vile kwa fedha chache zaidi. Fikira hii ya kumtoza mchafuzi ilielezwa na Mwingereza Arthur Pigou mwaka 1920, na wachumi wengi wa leo bado wanaishika.

Nchi ya Ireland ilitumia njia hiyo kwa mifuko ya plastiki. Mwaka 2002 iliweka tozo ya senti 15 za yuro kwa kila mfuko dukani. Kabla ya hapo mtu mmoja alikuwa akitumia mifuko ipatayo 328 kwa mwaka. Baada ya tozo ikashuka hadi kama 21. Hakuna aliyefungwa, na fedha zilizokusanywa ziliwekwa katika mfuko wa kazi za mazingira. Kenya ilichukua njia ya marufuku: kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, anayevunja sheria aliweza kutozwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kufungwa jela. Rwanda ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Uganda ilitangaza mwaka 2007 marufuku ya mifuko myembamba pamoja na kodi kubwa kwa ile minene, lakini mifuko ikaendelea kuuzwa sokoni kwa sababu amri haikusimamiwa.

Kwa hiyo ni lazima gharama ya usimamizi nayo iingie katika mizani. Kodi yahitaji duka lenye hesabu na mkusanya kodi anayelifikia. Marufuku yahitaji askari mpakani na sokoni, na pale jirani anapouza kile ulichokikataza, magendo huzaliwa siku hiyo hiyo. Sera iliyo nzuri Dublin yaweza isiwe nzuri katika soko la kilimani, mahali ambapo muuzaji ameketi chini na bidhaa yake juu ya jani la mgomba.

Na sisi tunaongeza neno moja juu ya vile vituo viwili vya kahawa. Mchumi amefurahi kwa sababu jumla ya uchafu imepungua. Lakini familia zinazoishi chini ya kituo cha pili hazinywi jumla. Hizo hunywa maji ya hapo walipo, na hapo uchafu umebaki karibu kama ulivyokuwa, ila sasa umelipiwa kodi. Maji ya vilima vyetu hushuka hadi mto Ruvyironza, kisha Ruvubu, na mwisho huingia katika Nili. Njiani kila kijiji kina kisima chake na watoto wake. Anayepima jumla peke yake aweza kuwasahau wote hao bila kufanya kosa lolote la hesabu.

SWALI LA TATU: JE, VITU HUJUMLISHWAJE?

Ili kusema kwamba sera inafaa, mchumi hujumlisha faida zote upande mmoja na gharama zote upande mwingine. Ili ajumlishe, kila kitu lazima kipewe bei: kijito, afya, siku ya kazi, hata maisha ya mtu. Hapa yafaa tufumbue macho yote mawili.

Jambo la kwanza ni wakati. Faida za mazingira hukawia. Mti uliopandwa leo utazuia mmomonyoko baada ya miaka mingi, ila gharama ya kuupanda ni ya leo. Wachumi hupunguza thamani ya faida ya kesho kwa asilimia fulani kila mwaka. Fanyeni hesabu nasi. Faida ya faranga 100,000 itakayopatikana baada ya miaka 50, ikipunguzwa kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo huhesabiwa kuwa kama faranga 8,700 tu. Ikipunguzwa kwa asilimia 1.4, huhesabiwa kuwa karibu faranga 50,000. Mti ni ule ule, kilima ni kile kile, na sera yaweza kuonekana ya upuuzi au ya hekima kwa kubadili asilimia hiyo moja. Ripoti ya Mwingereza Nicholas Stern juu ya hali ya hewa ya dunia, iliyotolewa mwaka 2006, ilitumia kiwango cha chini cha namna hiyo, na Mmarekani William Nordhaus akaipinga kwa kushika kiwango cha juu zaidi. Mabingwa hao hawakutofautiana katika kujumlisha. Walitofautiana juu ya haki ya wajukuu wetu mbele yetu, na hilo si jambo la kuwaachia mabingwa peke yao.

Jambo la pili ni bei ya mtu. Mwezi Desemba 1991 uliandikwa waraka wa ndani katika Benki ya Dunia, ukiwa na saini ya mchumi wake mkuu, Lawrence Summers. Mwanzoni mwa mwaka 1992 ukavuja. Ulikuwa na hoja kwamba, kwa kuwa hasara ya kiafya hupimwa kwa ujira unaopotea mtu anapougua au kufa, basi uchafu wenye sumu ungegharimu kidogo zaidi kama ungepelekwa kwenye nchi zenye ujira wa chini. Baadaye mwenye saini alieleza kwamba maneno yale yalikuwa ya kejeli, yenye kusudi la kuchokonoa mawazo. Tumemsikia. Lakini kejeli ile ilifuata kanuni halisi hatua kwa hatua, na ndiyo maana iliwakasirisha watu dunia nzima. Ukiipima afya kwa ujira, afya ya mwenye ujira mdogo itakuwa rahisi daima.

Nasi tuna ujira gani? Kiwango cha chini cha ujira kilichowekwa Burundi mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku katika miji ya Bujumbura na Gitega, na faranga 105 mahali pengine kama huku kwetu. Miaka ikapita, bei za vyakula zikapanda mara nyingi, kiwango kile hakikupanda nazo. Mchumi akichukua tarakimu hiyo kwenye karatasi ya sheria ili kuthamini siku yetu ya kazi, basi kila mpango utakaokula siku zetu utaonekana wa bure. Mtaro utakaochimbwa Jumamosi asubuhi katika kazi za maendeleo, mche utakaopandwa, taka zitakazozolewa, vyote vitaingia katika ripoti kwa bei ya karibu na sifuri. Jembe ni letu, jasho ni letu, na shamba letu wenyewe siku hiyo limelala. Kwa hiyo dai letu la ujira wa haki ni dai la mazingira pia: siku yetu ikipandishiwa bei, mizani ya sera hubadilika.

SWALI LA NNE: WANGEWEZA KULIPA, AU WALILIPA?

Sasa tunafika kwenye kiini. Karibu kila sera huwafaidia wengine na kuwaumiza wengine. Mchumi aamueje? Mwaka 1939 Nicholas Kaldor na John Hicks, huko Uingereza, kila mmoja alitoa jibu linaloelekea la mwenzake, nalo limekuwa msingi wa ripoti nyingi hadi leo. Sera ni nzuri ikiwa waliofaidika wangeweza kuwalipa fidia walioumia, na bado wakabaki na faida. Shikeni neno hilo: wangeweza. Si lazima walipe. Inatosha kwamba fedha za kulipa zingekuwapo.

Tulete kanuni hiyo kwenye mambo yaliyotokea. Kenya ilipotangaza marufuku ya mifuko ya plastiki tarehe 28 Februari 2017, ilitoa nafasi ya miezi 6 tu. Chama cha wenye viwanda cha Kenya kilionya kwamba viwanda 176 vingeguswa na watu 60,000 wangepoteza kazi. Sisi hatuimezi tarakimu ya wenye viwanda bila kuitafuna. Mwenye kiwanda hutukumbuka sana siku anapotaka kukwepa sheria, na siku ya kudai nyongeza ya mshahara hutusahau. Hata hivyo, waliosimama kwenye zile mashine walikuwa watu wa kweli, wachache au wengi. Waliambiwa kwamba ushonaji wa mifuko ya vitambaa na utengenezaji wa vikapu ungeleta kazi mpya. Huenda ikawa kweli kwa hesabu ya nchi nzima. Lakini aliyejua kuendesha mashine ya plastiki mjini si yule anayesuka kikapu kijijini. Kazi ikihama kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine, jumla yaweza isibadilike, na nyumba moja ikalala njaa.

Tutazame na mfano wa pili. Mwezi Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kwa sababu mito ilikuwa ikikauka. Sababu ilikuwa nzito, nasi hatuikatai. Lakini siku 90 ziliongezwa, zikaongezwa tena, hadi mwezi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Mfanyakazi wa kiwanda cha mbao aliyeambiwa avumilie miezi 3 alitakiwa avumilie miaka 5. Anayejua tarehe hukopa unga kwa jirani na kungoja. Asiyejua tarehe huuza mbuzi wake, kisha huuza bati la nyumba.

Faida ya maji safi na misitu ikiwa kubwa kama ripoti zinavyosema, basi hapana udhuru. Fedha za kuwalipa walioumia zipo. Ripoti zenyewe ndizo zinazosema zipo. Ikiwa hazipo, basi faida ile haikuwa kubwa kiasi hicho. Wakubwa wachague moja kati ya hayo mawili. Lililo haramu ni kuihesabu fidia siku ya kupitisha sera na kuisahau siku ya kulipa. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na mizani ya wachumi imeandika deni bila kumtaja mdaiwa.

HAKI NI SEHEMU YA UFANISI

Wengine watatuambia: mnachanganya mambo mawili, ufanisi ni kazi ya wachumi, na haki ni kazi ya wanasiasa, ije baadaye. Historia ya vilima vyetu inakataa.

Katika zama za utawala wa Wabelgiji wananchi wa Ruanda-Urundi walilazimishwa kupanda kahawa na kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kuhusu udongo, mtaro ule ulikuwa na maana: vilima vyetu vina mteremko mkali, na mvua kubwa huchukua rutuba yote hadi bondeni. Lakini ulichimbwa kwa amri, kwa adhabu, na kwa jasho lisilolipwa. Kwa hiyo mtu aliuona mtaro kama alama ya kiboko. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, mitaro mingi iliachwa ikajaa udongo. Sera ilikuwa na sayansi nyuma yake, na ilikufa siku mwenye kiboko alipoondoka, kwa sababu haikuwa na rafiki hata mmoja kilimani.

Kinyume chake ni mpango ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 1995 wa kung'oa miti ya kigeni inayokunywa maji mengi ya mito. Kazi ile ilipewa watu waliokosa ajira, kwa malipo. Hapo aliyetengeneza mazingira na aliyepata mkate walikuwa mtu mmoja, na mpango uliendelea miaka mingi. Mkono mtupu haulambwi. Sera inayompa mfanyakazi kitu mkononi hupata mlinzi asiyelipwa mshahara wa ulinzi. Sera inayomnyang'anya hupata magendo, moto wa usiku msituni, na mashahidi ambao hawakuona kitu.

Na haki hupimwa kwa kulinganisha mzigo na mgongo. Kikapu kinachochukua mahali pa sashe kina bei moja kwa wote. Tuseme kinagharimu faranga 2,000. Kwa meneja fedha hiyo ni ya soda mezani. Kwa kibarua wa kuchuma kahawa yaweza kuwa chakula cha watoto cha siku nzima. Bei ni sawa, mzigo si sawa. Kodi au marufuku ambayo kwa jumla ya nchi ni ndogo yaweza kumvunja mgongo mtu wa chini, na mchumi mwaminifu huonyesha jambo hilo kwa kugawa hesabu yake katika matabaka ya kipato badala ya kutoa wastani mmoja. Ripoti yenye wastani peke yake ikataeni, iandikwe upya.

TUNALOTAKA

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 2015 miongozo juu ya kuhamia kwenye uchumi unaohifadhi mazingira bila kuwatupa wafanyakazi. Mwaka huo huo Mkataba wa Paris juu ya hali ya hewa ulitaja katika utangulizi wake haki ya wafanyakazi katika mabadiliko hayo. Kwa hiyo tunayoyadai hapa si maasi. Ni maneno ambayo serikali zimekwisha kuyakubali kwenye karatasi, nasi twayataka yashuke hadi kwenye kituo cha kahawa na shamba la chai.

Kwanza, kila sera ya mazingira inayogusa kazi ije na maelezo mafupi katika Kirundi na Kiswahili: lengo ni nini, litapimwaje, litalinganishwa na nini, na nani atapima. Anayetekeleza sera asiwe ndiye anayejipima.

Pili, siku ya kazi ya mwananchi ihesabiwe kwa thamani yake halisi, hata ikiwa ni ya Jumamosi asubuhi. Kisichohesabiwa hutumiwa ovyo.

Tatu, hesabu ionyeshe mzigo wa kila tabaka na wa kila mahali, pamoja na wale walio chini ya bomba la maji machafu.

Nne, fidia iandikwe katika amri ile ile inayofunga kazi, yenye kiasi, tarehe na jina la mlipaji. Nafasi ya kujiandaa itumike kuwafundisha wafanyakazi kazi nyingine, isitumike kumaliza akiba za wafanyabiashara peke yake. Na muda ukitajwa uwe muda: siku 90 ziwe siku 90.

Tano, mjumbe wa wafanyakazi akae mezani kabla ya ripoti kufungwa. Akiitwa baada ya hapo, ameitwa kupiga makofi.

Nasi kwa upande wetu tuna wajibu. Tusimfuate mwajiri kwa macho yaliyofungwa kila anapolia kwamba sheria ya mazingira itaua kazi. Mara nyingi uchafu anaotaka kuendelea kuutoa unaingia katika mapafu yetu kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote, na maji anayoyachafua ndiyo anayooshea mama nguo za watoto. Kila tawi la chama liteue watu wawili au watatu wanaojua hesabu, wasome ripoti zinazoletwa, na wawaeleze wenzao kwa lugha ya nyumbani. Katika kila ripoti watafute kwanza neno «wangeweza», na wakiliona waandike pembeni yake: nani, kiasi gani, lini?

Umoja ni nguvu, ndugu. Tukisoma pamoja, mizani hii haitatutisha tena.